Fundi Ogari na Laini ya Tisa

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Mkaguzi wa Simu, uliyesafiri tangu alfajiri ili uwe nasi, Chifu wetu, Pasta na Padre, mliokubali leo kukaa benchi moja, mafundi na maopereta wenzangu, wazee wa Masimba, akina mama wa Gesima na Itumbe, na nyinyi watoto mliopanda juu ya ua: hamjambo?

Nasikia "hatujambo" upande huu na "mbuya mono" upande ule. Zote nimezipokea. Jina langu ni Zilpa Aloo, opereta wa simu. Wengi wenu hamjawahi kuniona uso, lakini sauti mnaijua, maana ndiyo hii inayowauliza "Namba tafadhali?" tangu mwaka wa sitini na tatu. Nilizaliwa kando ya ziwa, kazi ikanileta huku juu kwenye baridi, na Kiswahili hiki ndicho kinachonisaidia kuishi nanyi, kwa sababu Ekegusii chenu nimekisikiliza miaka kumi na minne na bado hunitoroka ninapotaka kukisema.

Tumekutana alasiri hii ya Desemba, mwaka wa sabini na saba, kumuaga Bwana Jeconia Ogari, fundi wetu wa simu, anayestaafu na kurudi kwake Itumbe. Kamati imenipa kazi moja tu, nayo ni kumsifu. Nitamsifu. Lakini nina jambo jingine la kusema, na Bwana Mkaguzi anisamehe mapema, kwa maana nikimaliza huenda mkahitaji kuandaa sherehe ya pili, ya kuniaga mimi.

Itumbe anakorudi Ogari, boma linalopakana na lake ni la Mama Nyanchera, mjane wa marehemu Onyancha. Njia ya kwenda kwenye chemchemi ni moja. Ua ni mmoja. Na kila aliyeketi hapa anajua, ingawa hakuna anayelitaja, kwamba Mama Nyanchera hajamsalimia Ogari tangu mwaka wa sabini. Lango lake amemfungia. Mtu anastaafu ili akapumzike. Je, atapumzikaje mahali ambapo jirani akimwona anaingia ndani na kufunga mlango? Mama Nyanchera, nakushukuru kwa kuuitikia mwaliko wetu. Naona umekigeuza kiti chako ukatupa mgongo. Kaa hivyo hivyo, mama, hakuna atakayekulazimisha kugeuka. Nakuomba tu usiondoke kabla sijamaliza.

Sasa nimsifu mtu wangu. Vijana wa mitambo, sikilizeni vizuri. Nilipofika hapa tulikuwa na wateja kumi na wanane: hospitali, misheni mbili, maduka machache ya Wahindi, na maofisa. Kisha chai ikaenea, viwanda vikaja, na kila meneja akataka simu mezani jana badala ya kesho. Nani alipanda nguzo hizo zote? Ogari. Nani alilala na buti miguuni, akala ugali amesimama, akaamshwa na mtoto wake, naye badala ya kusema "ndiyo, mwanangu" akasema "Haloo, laini gani?" Mnacheka. Mke wake hakucheka.

Hata hivyo, katika miaka ile ya mwanzo Ogari alikuwa na dawa yake. Kila Jumapili, saa kumi kasorobo, angeweka koleo chini, anawe mikono kwa sabuni ya kufulia, achukue obokano lake, kile kinanda chenu kikubwa cha nyuzi nane, na kushuka Masimba nyuma ya maduka. Huko walimngoja wenzake watatu: Onyancha, Mogire na Ratemo. Kwa nini Jumapili alasiri? Kwa sababu Ogari ni Msabato na Jumamosi si yake, na Onyancha alikuwa Mkatoliki na Jumapili asubuhi si yake; basi saa kumi ya Jumapili ndiyo saa pekee ambayo Mungu aliwaachia wote wawili. Walipiga mpaka jua likafifia. Akina mama waliweka vikapu chini wakacheza, wachuuzi wakasahau bei zao, na Mama Nyanchera, ambaye leo ametupa mgongo, ndiye aliyekuwa akiwapitishia uji kwa zamu, akianza na Ogari na kumaliza na mume wake, ili kumchokoza.

Kwetu tuna nyatiti, kwa hiyo sauti ya nyuzi si ngeni kwangu. Lakini obokano ni kitu kingine. Sauti yake haiingii masikioni, hutua kwenye mbavu. Wanne wale nilijifunza kuwatofautisha nikiwa hapa kwenye ubao wa simu, dirisha likiwa wazi. Onyancha alikuwa na tabia moja: uzi wake mzito aliuchelewesha kidogo, kama mtu anayefika kanisani sala imeshaanza. Ungemjua popote.

Nao walikuwa na desturi yao, wanne hao. Sijui kama ni ya Wagusii wote. Najua ilikuwa yao. Mmoja akifa, wenzake watakwenda kaburini na kupiga, kisha rafiki aliyemkaribia zaidi ataulegeza uzi mmoja wa kinanda cha marehemu, mbele ya mke wake. Mpaka uzi ulegezwe, walisema, mtu huyo hajaachiliwa. Walisema kwa mzaha, wakiwa wazima, wakinywa uji.

Onyancha alifariki Mei, mwaka wa sabini. Kichomi kilimchukua kwa siku nne. Maziko yakapangwa Jumapili. Na Ijumaa iliyotangulia, mnakumbuka, ilinyesha mvua ya mawe, hata Gesima hawakupata jani moja la kuchuma kwa wiki tatu. Nguzo kumi na moja zilianguka. Laini zikafa, ya hospitali ikiwa ya kwanza.

Jumapili asubuhi Ogari aliingia ndani, matope mpaka magotini, akaniuliza, "Zilpa, nikienda kumzika ndugu yangu, utaweza?"

Nikamjibu, "Hospitali haina simu. Ukienda na mtu akafa kwa kukosa gari, utasema nini?"

Alijifuta matope mikononi. Kisha akasema, "Basi nitampigia."

Sikuelewa. Nilielewa alipomwita Benard, kijana wa kuvuta waya, akampa ile simu ya porini ya ndani ya sanduku, yenye mpini wa kuzungusha. Laini ya tisa ilikwenda Itumbe kwenye stoo ya zamani iliyokwisha kufungwa, na kwa bahati nguzo zake hazikuguswa na mvua. Kutoka nguzo ya mwisho mpaka kwa Onyancha ni hatua mia mbili. Benard akavuta waya mpaka kaburini. Saa kumi kamili, Ogari aliketi kwenye kiti changu na obokano mapajani, nikamshikia mkonga wa simu karibu na nyuzi, akapiga. Alipiga akilia.

Kule Itumbe, ambako Mogire na Ratemo walikuwa wamekataa kupiga bila Ogari, watu walisikia sauti nyembamba ikitoka kwenye kitu cheusi juu ya kifusi. Hawakupenda. Mama Nyanchera alisema, na maneno yake yalinifikia siku hiyo hiyo, "Mume wangu ameimbiwa na kopo." Kisha kaka wa marehemu akamuuliza Benard, "Simu hii imepigiwa nani?" Benard, kwa unyofu wake, akajibu, "Onyancha." Yule kaka akasema, "Basi mpeni mwenyewe." Ndugu zangu, tuwalaumu? Simu ikipigwa kwenu, si humpa yule aliyeitwa? Wakaliteremsha sanduku juu ya jeneza, wakauweka mkonga upande wa kichwa, wakafukia. Benard alirudi jioni mikono mitupu. "Madamu," aliniambia, "wamemzika nayo."

Katika ripoti tuliandika kwamba chombo kilipotelea kwenye mvua ya mawe. Bwana Mkaguzi, sasa unajua kiliko.

Jumapili iliyofuata nilikuwa zamu peke yangu. Jua lilikuwa linawaka. Saa kumi kamili kibao cha laini ya tisa kikaanguka.

Kwa wale ambao hawajaona ubao wa simu, nieleze. Kila mteja ana kibao chake kidogo cha chuma. Kibao hakianguki chenyewe. Huanguka pale tu mtu wa upande wa pili anapozungusha mpini. Ndiyo kusema, ananiita.

Niliingiza waya kwenye tundu la tisa. "Namba tafadhali?" Kimya. Lakini opereta anajua kimya cha aina mbili. Kuna kimya cha laini iliyokufa, ambacho ni kama kuweka sikio kwenye ukuta. Na kuna kimya cha mtu aliyeshika simu na hajui aanzie wapi. Hiki kilikuwa cha pili. Nilichomoa waya.

Nilimwambia Ogari. Akanicheka. Akanieleza udongo uliolowa, waya unaovuja, umeme wa mawinguni. Nikamwambia sawa. Juni kikaanguka. Agosti kikaanguka. Januari, wakati vumbi la Masimba lilikuwa linafika kwenye paja na hapakuwa na wingu moja mbinguni, kikaanguka, kila Jumapili, saa kumi kamili, kwa adabu, mara moja tu. Ogari akaacha kucheka. Akaanza kuja Jumapili na kukaa nyuma yangu kwenye kiti, mikono magotini. Kibao kikianguka alikitazama. Nikimwambia ajibu, alitikisa kichwa. Nikimwambia akaukate waya, alisema, "Nimkate mara ya pili?"

Obokano lake alilitundika kwenye stoo ya nyaya, na hakuligusa tena. Mogire na Ratemo walikwenda Masimba Jumapili mbili tatu, wakaona wawili si wanne, wakaacha. Kule nyuma ya maduka pakaota majani. Ogari alifanya kazi kuliko punda, akakonda, shingo ikabaki nyembamba ndani ya kola. Nilimpenda mtu huyu kama ndugu, nami nilikuwa nikimtazama anavyokwisha. Siku moja nilimwona amesimama juu ya nguzo bila mkanda wa usalama, amefumba macho, ameweka sikio kwenye waya. Nilipomwita alishuka polepole na kuniuliza kama nimesikia mtu anakohoa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mogire na Ratemo. Sikuwa na ufundi wowote wa mambo hayo. Niliwaambia tu, "Mliahidi kwenda wote kwa miguu yenu, mmoja wenu akatuma waya. Nendeni kwa miguu."

Walikwenda Jumapili ya tatu ya Februari, mwaka wa sabini na moja, wakamchukua Ogari katikati yao. Mama Nyanchera alifunga lango, na ilikuwa haki yake. Basi wakaketi barabarani, nje ya ua, wakapiga hapo. Walioona waliniambia wachumaji wa chai waliteremka na vikapu migongoni, watoto wakaanza kurukaruka, na Ratemo, aliyekuwa na goti bovu, alicheza. Ogari aliongoza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miezi tisa.

Na mimi nilikuwa hapa, kwenye ubao. Saa kumi kamili kibao cha tisa kikaanguka.

Wapendwa wageni, opereta huapishwa. Siku ya kwanza niliweka mkono juu ya Biblia nikaapa kwamba nitakalolisikia kwenye laini ya mteja sitalitoa. Sijakivunja kiapo hicho hata mara moja, na wengi wenu mna sababu ya kushukuru. Lakini kiapo kinasema "mteja." Nimekisoma upya wiki hii, neno kwa neno. Marehemu hayumo.

Niliingiza waya. Safari hii hakukuwa na kimya. Nilisikia obokano, si kwa mbali kama linalopigwa nje ya ua, ila karibu, na udongo ndani ya sauti. Nikamsikia Mogire. Nikamsikia Ratemo, nikamsikia Ogari. Halafu nikasikia uzi mzito, umechelewa kidogo.

Nilitaka kuchomoa waya. Lakini kazi ni kazi, na kinywa changu kikasema chenyewe, "Namba tafadhali?"

Mtu akakohoa. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni, "Nyanchera yuko hapo?"

Mama, ulikuwa ndani, mlango umefungwa. Ningefanya nini? Nilijibu kama ninavyomjibu kila mtu. Nikasema, "Subiri kidogo, tafadhali." Kisha hofu ikanishika, nikachomoa waya, nikatoka nje, nikakaa kwenye nyasi mpaka Benard aliponikuta.

Tangu siku hiyo kibao cha tisa hakijaanguka tena. Ogari alipona. Mnamjua alivyo leo: saa kumi ya Jumapili ikifika, hata kama meneja wa kiwanda anapiga kelele, koleo liko chini na sabuni iko mkononi. Nyuma ya maduka hapaoti majani tena. Vijana wanaojifunza kazi kwake amewafukuza ofisini Jumapili kwa kuwatishia na koleo hilo hilo, akawapeleka wakacheze mpira, wakaimbe kwaya, wakawatembelee mama zao, na hakuna mtambo uliolala kwa sababu hiyo. Kwa hilo nasema, Fundi Ogari, umetufundisha, na tunakushukuru. Na watu walisema marehemu ameridhika, ndiyo maana amenyamaza. Ogari mwenyewe anaamini hivyo. Niliwaacha waamini.

Lakini mimi ni opereta. Mtu uliyemwambia asubiri hazungushi mpini tena. Hukaa na simu sikioni, akingoja.

Na sasa lile nililokuja kulisema. Ogari, usinitazame mimi, tazama chini, itakuwa rahisi kwangu. Jumapili ile ya maziko, laini ya hospitali ilipona saa tano na nusu asubuhi. Niliijaribu mwenyewe, nesi akaniitikia. Wewe ulikuwa nje kwenye nguzo. Muda ulikuwepo, ungepata lori la chai, ungefika Itumbe saa nane. Sikukuambia. Mkaguzi wa wakati ule alikuwa anakuja Jumatatu, laini nyingine tano zilikuwa bado, nami niliogopa kubaki peke yangu na ubao uliojaa vibao vilivyoanguka. Nilikuacha uamini kwamba kuna mgonjwa atakayekufa. Ulimkosa rafiki yako kwa sababu yangu, ukachukiwa kwa sababu yangu, na hukuwahi hata siku moja kumwambia Mama Nyanchera kwamba kuna mtu aliyekuzuia.

Mama Nyanchera, hasira hiyo si ya Ogari. Umeibeba miaka saba ukiielekeza kwenye nyumba isiyo yake. Ilete kwangu. Naishi nyumba ya pili nyuma ya posta, mlango wa kijani. Mfungulie huyu mzee lango lako. Aingie, akiteremshe kinanda cha mume wako ukutani, aulegeze uzi mmoja mbele yako, kama walivyoahidiana.

Nakaribia kumaliza. Leo asubuhi, kabla ya viti hivi kupangwa, niliketi kwenye ubao, na kwa mara ya kwanza tangu Februari ile niliingiza waya kwenye tundu la tisa. Nilitaka nikute laini iliyokufa. Niliomba nikute laini iliyokufa. Haikuwa imekufa, ndugu zangu. Kulikuwa na mtu. Sikuuliza namba. Nikamwambia, "Samahani kwa kukuchelewesha. Anakuja leo." Na waya sikuuchomoa.

Mheshimiwa, Bwana Mkaguzi, wazazi na wageni wetu wote, mmenivumilia mpaka mwisho na kwa masikio yenu nawashukuru. Ogari, nenda salama, na unisamehe ukiweza. Naona kiti kule nyuma kimegeuka. Pisheni njia, tafadhali, nyinyi wa benchi la mwisho. Mlango wa ofisi uko wazi, mkonga uko juu ya meza, na hakuna atakayeingia pamoja nawe usipotaka.

Mama Nyanchera, kuna simu yako.